Mvaaji wa Kwanza wa Kofia Nyekundu

Nimeosha nywele mara nne tangu nirudi kutoka msibani Kwihara, na bado nikilaza kichwa kwenye mto nasikia harufu ya mavi ya kuku. Mume wangu anasema hakuna harufu yoyote, ni mawazo yangu tu. Huenda ni kweli. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Siwezi kunywea kikombe alichokwisha kukigusa mtu mwingine kwa mdomo, na kwenye shughuli za watu nabeba kijiko changu ndani ya mkoba, jambo ambalo mawifi zangu wamelisema weee mpaka wamechoka. Lakini ninyi wa rika langu mliokulia Tabora, mliowahi kupita jioni karibu na lile ghala la zamani la tumbaku upande wa reli mkasikia watoto wakipiga kelele kwa pamoja, mtanielewa nikisema kwamba harufu hii haikuanza wiki hii.

Ghala lenyewe lilikuwa tupu kwa miaka mingi, ila tumbaku ina ukaidi wake. Ilikuwa imeingia kwenye matofali na kwenye mbao za paa, na jua lilipolipiga bati mchana kutwa, jioni ukifungua mlango ulipokelewa na utamu mzito uliokaa kooni kama dawa ya kikohozi. Juu ya harufu hiyo tuliongeza ya kwetu: vikwapa vya watoto ishirini, miguu peku, maturubai tuliyotandika sakafuni ambayo panya waliyakojolea usiku. Hapo ndipo Masta Pius alipotufundisha taekwondo. Mchana alikuwa fundi redio, jioni anavaa suti nyeupe iliyogeuka rangi ya uji kwenye kola, anasimama mbele yetu, nasi tunamwamkia kwa sauti moja kabla hatujaanza kukunja viungo.

Kwa mapambano tulikuwa na kinga za kifua za kutosha kupeana, lakini kofia za kukinga kichwa zilikuwa mbili tu. Ya bluu ilikuwa ya wakubwa. Sisi wadogo tulikuwa na moja, nyekundu. Sijui ilivaliwa na watu wangapi kabla yetu. Ngozi yake ya nje ilikuwa imepasuka, na ndani sponji liligeuka manjano, limelainika, ukilibonyeza kwa kidole linatoa majimaji. Mkanda wa kidevuni ulikakamaa kwa chumvi ya jasho na ulinuka siki. Siku moja nilikuta kigaga cha kidonda cha mtu kimenata mle ndani, na vinywele viwili vimesimama juu yake. Kofia haikufuliwa kamwe, kwa sababu Masta alisema maji yataharibu sponji. Baada ya mazoezi ilitundikwa kwenye msumari mahali ambapo jua halikufika, na kesho yake tuliikuta na unyevunyevu uleule wa jana.

Kwa kuwa kofia ilikuwa moja, Masta alitunga utaratibu wake. Wawili wanapopambana, mwenye kofia ndiye anayeruhusiwa kupigwa mateke ya kichwani, na asiye nayo anapigwa kifuani tu. Raundi ikiisha, mnabadilishana palepale, kofia ikiwa bado na joto la mwenzako. Mimi kila jioni niliomba kuanza, nami nikianza naomba kuvaa kofia kwanza. Masta aliona ni ushujaa. Aliwaambia wenzangu wanitazame, mtoto wa kike anayetaka kupigwa kichwa kabla ya wote. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia jasho. Nilijiambia kwamba uchafu wa jana umekauka, wa leo ndio unaoambukiza, kwa hiyo anayeanza ndiye salama. Hesabu hiyo ya kitoto niliiamini kabisa.

Aliyevaa baada yangu alikuwa Nyamizi. Tulilingana uzito na umri, hivyo tulipangwa pamoja tangu wiki ya kwanza. Aliishi Kwihara na bibi yake aliyelima karanga, akawa anakuja kwa miguu amevaa katambuga za tairi, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alinukia moshi wa kuni. Nilipotakiwa kumkumbatia ili nizuie mateke yake, nilibana pumzi. Mimi nilitoka mjini, baba yangu fundi cherehani, Mzaramo aliyefika Tabora kwa treni akaoa na kulowea, na mama yangu alitoka katika nyumba ambayo vikombe vya wageni vilikaa kabatini peke yake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, basi mimi na Nyamizi hatukuitana majina. Nilimwita mpagazi, naye akaniita mcheza ngoma. Nilimnyang'anya karanga zake mbele ya watu, na yeye akaketi juu ya begi langu. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu utani hauna kesi.

Nyamizi alipigana vizuri kuliko mimi, na leo naweza kulisema bila kuumwa. Masta alitufundisha tusiangalie mguu wa mpinzani bali kifua chake, maana mguu unaweza kukudanganya lakini kifua hutangulia kugeuka. Alitufundisha kurudi nusu hatua, teke lipite hewani mbele ya tumbo, kisha kurudisha lako kabla mguu wa mwenzako haujagusa chini. Mimi nilirudi hatua nzima, na hapo nikawa mbali mno. Nyamizi alirudi ile nusu kamili. Tena alikuwa na jambo lake mwenyewe ambalo hakufundishwa: aliinua goti la mbele akabaki amesimama kwa mguu mmoja, kimya, akikungoja. Tuliliita kusimama kuku. Ukimfuata, goti linakuzuia, na kutoka hapohapo mguu unafunguka kukupiga shavuni. Nilipigwa teke hilo mara nyingi kiasi kwamba nililiota.

Basi mvua za kwanza zilipoanza, nilihisi muwasho nyuma ya sikio. Baada ya siku chache palikuwa na duara lenye ukubwa wa kifuniko cha soda, nywele zimekatika, magamba meupe yanadondoka ukikuna. Likazaa la pili utosini. Mlikuwepo, mnajua jina lake. Mimi sikutaka kulitaja. Nyumbani kwetu nilikuwa nimesikia tangu nikiwa mdogo kwamba mapunye ni ugonjwa wa watoto wasiooga, watoto wa huko mashambani. Mimi nilioga mara mbili kwa siku na kujisugua kwa dodoki. Kwa hiyo haya hayakuwa mapunye. Niliamua ni mkanda wa kofia umenichubua. Niliiba mafuta ya karafuu kwenye kabati la mama, nikayachanganya na mafuta ya nazi, nikapaka asubuhi na jioni chini ya mtandio ambao sikuuvua tena mbele ya mtu, hata mama yangu. Na kama kweli nilidhani ni mchubuko, kwa nini nilificha? Swali hili nimejiuliza mara nyingi, na jibu lake linanitia kichefuchefu kuliko lile sponji.

Ghalani Masta hakuruhusu kitambaa chini ya kofia, maana kiliteleza machoni. Nikawa nakwenda nyuma ya marobota ya magunia mabovu, navua mtandio, navaa kofia, natoka nimeshajifunga. Raundi ikiisha narudi kulekule, navaa mtandio, natoka na kofia mkononi nampa Nyamizi. Yeye aliipokea akaivaa. Alikuwa amenyolewa upara kama wanafunzi wote wa shule yake, na siku moja nikaona duara dogo juu ya paji lake. Nikasogea pembeni. Nilimwonea kinyaa. Naapa, nilimwonea yeye kinyaa.

Mwezi uliofuata watoto saba walikuwa na mapunye, na wazazi wakaanza kuja ghalani kulalamika. Wakati huohuo ilikuwa imetangazwa safari ya Mwanza kwa mashindano, na kwa uzito wetu alitakiwa msichana mmoja. Kila mtu alijua ni Nyamizi. Masta alikwenda mwenyewe Kwihara kumwambia bibi yake kwamba huko Mwanza watakuja walimu wa shule fulani ya bweni inayochukua wasichana wa michezo, na mjukuu wake ana nafasi kubwa. Yule bibi, ambaye hakuwahi kuelewa kwa nini mtoto wa kike apige watu mateke, alikubali kwa ajili ya shule hiyo. Nyamizi alinisimulia akiwa ameketi juu ya begi langu. Alisema akifika bwenini atalala kitanda cha juu, hataki cha chini.

Masta alitupanga mstari akakagua vichwa. Alipita mmoja mmoja, akigeuza vichwa kwa ncha ya kijiti, hakutaka kugusa kwa mkono. Mimi alinipita. Mtoto wa kike wa Kiislamu, amejitanda, angeanzaje kumwambia afunue kichwa mbele ya wavulana? Alifika kwa Nyamizi, ambaye wakati huo alikuwa na maduara manne, moja lilitoa usaha. Akarudi nyuma akatema mate mlangoni. Akauliza ni nani aliyetuletea uchafu huu. Nyamizi hakuangalia chini kama wengine, aliniangalia mimi. Nilidhani ananiomba nimtetee.

Nikasema, "Masta, si huyu mpagazi wangu? Babu zake walibeba mizigo vichwani mpaka pwani. Kabeba na haya."

Walicheka wote, hata Masta. Nilisema kwa sauti yetu ileile ya kila siku, na wote walijua mimi ni mtani wake, nina haki. Lakini kicheko kilipoisha neno lilibaki limesimama. Masta aliangua kofia msumarini kwa kile kijiti, akamtupia miguuni, akamwambia aende nayo kwao maana hakuna mtu mwingine atakayeivaa, na asirudi mpaka apone. Yeye aliiokota, akaikung'uta vumbi, akaiweka kwapani akatoka. Sikumbuki aliaga. Nakumbuka nilifurahi, na furaha ile ilinikaa tumboni kama chakula kilichochacha.

Nikaenda Mwanza mimi. Tulipita Nzega na Shinyanga, nikala korosho njia nzima. Ukumbini kulikuwa na kofia mpya, safi, zimepangwa mezani, na dada mmoja aliyevaa glavu alikuwa akiwavalisha wasichana faragha nyuma ya pazia. Alinivua mtandio. Akaniinamisha kichwa, akapitisha kidole polepole kutoka sikioni hadi utosini. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, haya yana miezi. Nyumbani hawajayaona?" Sikupigana. Masta aliitwa nyuma ya pazia, naye akaona. Aliangalia maduara yale, ya zamani, yaliyokwisha kuanza kupona katikati na kuenea pembeni, na nikaona usoni mwake kwamba amehesabu na amefika kwenye jibu. Ndani ya basi tukirudi aliniambia tu kwamba yaliyopita si ndwele, nisiende kusumbua watu. Alitoa leso akafuta mkono wake alionishika nao, akaitupa nje ya dirisha. Tangu siku hiyo sijaweza kumheshimu mtu kwa sababu tu amevaa nguo nyeupe.

Mama alininyoa, akanipeleka hospitali, nikapewa vidonge na kipigo. Nilipopona nilikwenda Kwihara peke yangu, bila kuaga. Nilipita nyumba zile za udongo, nikapita gari la wazungu waliokuja kulitazama tembe, ile nyumba ya kale ya wasafiri wao, nikamkuta bibi yake Nyamizi uani anapepeta karanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanitandikia ngozi ya mbuzi. Nikamuuliza Nyamizi yuko wapi. Akasema amempeleka Usoke kwa mjomba wake, wanafunga tumbaku, maana habari za shule ya bweni ziliishia hewani na huku hapakuwa na la kufanya. Nikalia. Nikamwambia yote: kwamba mapunye yalikuwa yangu, kwamba mjukuu wake aliyapata kwangu, kwamba nilijua.

Bibi aliweka ungo chini akanitazama. Akauliza, "Wewe ndiye yule mtoto wa fundi, Mzaramo?"

Nikasema ndiye.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akamwita jirani aje asikie jinsi mtani wake alivyotembea kutoka mjini, na machozi ya kutengeneza juu, kuja kujitia ugonjwa wa mjukuu wake ili apewe karanga. Jirani naye akacheka. Kadiri nilivyoapa, ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Jirani alisema Wazaramo wamezaliwa kwenye ngoma, hata kulia kwao ni mchezo. Nikarudi nyumbani na kikapu cha karanga na matobolwa, viazi vile walivyochemsha na kuvianika, na njiani nikavimwaga vyote kwenye mtaro. Nilikuwa na hakika vinanuka.

Miaka imepita mingi. Sikwenda Usoke. Ningeweza kwenda, treni ilikuwepo, lakini kila mwaka nilikuwa na sababu. Wiki iliyopita simu ikaita, namba nisiyoijua, na sauti nzito ya mwanamke ikasema, "Mtani, bibi yako ametutoka. Tunazika kesho. Njoo utuchezee." Alikuwa Nyamizi; namba yangu aliipata dukani kwa baba.

Nilikwenda, nikafanya kazi ya mtani. Nilivaa gunia, nikalala njiani mbele ya jeneza nikidai hawapiti mpaka nipewe kuku, nikamwiga marehemu anavyopepeta. Watu wenye uchungu walicheka, na ndiyo faida yake. Nyamizi nilimwona kwa mbali, amenenepa, mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu wa tumbaku. Baada ya mazishi wanawake wakaniambia niingie jikoni nijichagulie kuku wangu. Nikainama mlangoni, macho yakazoea giza, nikamwona kuku amelalia mayai pembeni ya mafiga. Kiota chake kilikuwa chekundu.

Sikuhitaji kuangalia mara mbili, ilikuwa ile kofia yetu. Mkanda wa kidevuni ulikuwa bado umeshikilia. Nyamizi aliingia nyuma yangu, wanawake wengine wakabaki mlangoni wakingoja kichekesho.

"Umeijua," alisema.

"Nimeijua. Nyamizi, yale mapunye yalikuwa yangu."

"Najua."

Nikamuuliza tangu lini. Alisema tangu mwanzo. Kofia ilinukia karafuu. Mimi navaa, yeye anavaa, na pale ghalani hapakuwa na mtoto mwingine aliyejipaka karafuu. Alisema hayo bila kupandisha sauti, huku akimnyanyua kuku kwa mkono mmoja na kuyahamishia mayai kwenye pindo la kanga.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuachia wewe useme. Ukasema utani." Akakung'uta kofia mara moja, kama alivyoikung'uta siku ile. "Bibi alinisimulia kwamba ulikuja. Kila mwaka alilisimulia na kucheka. Mimi sikucheka. Shika, vaa."

Niliitazama. Ndani sponji lilikuwa limeliwa, mahali pake pamejaa manyoya, majani na mavi, mengine makavu, mengine ya asubuhi ile. Utitiri ulikuwa ukitembea kwenye ukingo, nikauona ukipanda kidoleni kwangu. Nilimwangalia usoni nikitafuta kama anatania, na uso wake haukuwa na chochote.

Nikavua kilemba changu, nikavaa.

Mlangoni pakalipuka vigelegele. Mmoja alisema tangu azaliwe hajaona mtani wa namna hii, mwingine alikaa chini akifuta machozi kwa kanga, wakaitana waje kuona. Kitu cha majimaji kiliteremka nyuma ya sikio langu, palepale lilipoanzia lile duara. Nyamizi alisogea karibu, akanifunga mkanda kidevuni kwa vidole vyake viwili, taratibu, kama tulivyofungana tukiwa watoto kabla ya raundi. Kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, niliyoisikia mimi peke yangu, "Ya leo ni yako, mtani. Mimi sivai baada yako."